Hariri ya China na Kasha la Msambweni

Ijumaa moja, nilipokwisha kusali katika Msikiti wa Kongo pale Diani, penye mlango wa mto Mwachema, kijana mmoja alinifuata akaniomba twende kwao Msambweni. Bibi yake alikuwa na kitambaa cha hariri cha urithi, na mnunuzi mmoja, mgeni wa hoteli za ufukweni, alikuwa ameahidi fedha nyingi ikithibitika kuwa ni hariri ya Kichina ya kale. Fedha hizo zilikwisha pangiwa kazi: kuezeka nyumba upya kabla ya masika.

Wasomaji wangu, dai lile si la kuchekwa. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alimwona sultani akitembea chini ya vivuli vinne vya hariri za rangi, na juu ya kila kimoja pana ndege wa dhahabu. Merikebu za Zheng He, amiri wa China aliyezaliwa katika nyumba ya Kiislamu, zilifika pwani hii ya Afrika Mashariki baina ya 1417 na 1419, na hariri ilikuwa miongoni mwa tunu walizopewa watawala. Na Wareno walipoiteka Mombasa mwaka 1505, nguo za hariri na za zari zilikuwamo katika nyara zao.

Nakshi za Wachina hazikuwa pambo tupu. Joka la kucha tano lilikuwa la mfalme. Tangu mwaka 1391, chini ya ukoo wa Ming, maofisa walivaa alama kifuani, ndege kwa watu wa kalamu na wanyama kwa watu wa silaha, hata cheo cha mtu kikajulikana kabla hajafungua kinywa. Yungiyungi, ua litokalo matopeni lisichafuke, lilienea pamoja na dini ya Buddha. Zama za Wamongoli mafundi Waislamu walihamishwa wakapelekwa China kufuma nguo ya dhahabu, ikaitwa nasiji, neno la Kiarabu lenye maana ya kilichofumwa. Kipo Berlin kipande cha hariri ya karne ya 14 ya Kichina au ya Asia ya Kati, chenye majoka na kasuku wawili wawili, na mabawani mwa kasuku mmefumwa kwa Kiarabu sifa za sultani.

Lakini hariri ni uzi wa mdudu. Kwetu huku joto, unyevu na nondo havina huruma nayo. Kilichosalia ni kaure: vyombo vilivyofukuliwa Gedi, na mabakuli yaliyopachikwa katika nguzo ya kaburi kule Mambrui. Atakaye kuyajua maua na mawingu ya nguo za Kichina, na ayatafute katika vyombo vya Kichina.

Basi kasha likafunguliwa, harufu ya udi ikatoka. Kitambaa kilikuwa chekundu, kimetiwa zari, nacho kizuri mno. Nikakigeuza huku na huku. Hakuna joka, hakuna wingu, hakuna yungiyungi. Nakshi yake tangu taraza hii hata ile ni korosho, ile ile ya leso zetu, nayo asili yake ni Bara Hindi na Uajemi.

“Bibi,” nikasema, “hii si ya Kichina. Ni ya Kihindi, na sidhani imetimiza miaka mia.”

Kijana akainamisha kichwa. Bibi akacheka.

“Mwanangu, mimi naijua. Baba yangu aliinunua Mombasa kwa ajili ya harusi ya mamangu. Lakini nani aliyeniuliza?”

Nikaona haya, maana hata mimi nilikiuliza kitambaa kabla ya kumwuliza mwenyewe. Tukakaa hadi alasiri. Bibi akataja majina ya nguo za ujana wake, mjukuu akayaandika katika daftari lake la shule. Mnunuzi hakurudi, na paa lile bado linavuja. Lakini hariri ina jina na nasaba sasa, na wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.