Mafuta yakimwagika Rufiji, nani atamlipa mvuvi wa kamba?

Tarehe 11 Julai 1915, mabaharia wa Königsberg, manowari ya Kijerumani, waliizamisha wenyewe ndani ya delta ya Rufiji baada ya kupigwa mizinga na Waingereza. Mabaki yake yalikaa mtoni kwa miongo kadhaa. Meli ya kivita haina bima ambayo mwanakijiji angeweza kuidai. Meli ya biashara inayo, na watu wa Nyamisati, Salale na Mbwera wanastahili kujua inavyofanya kazi kabla balaa halijafika.

Bima hiyo hutolewa na klabu za ulinzi na fidia, yaani P&I, ambazo ni mali ya wenye meli wenyewe. Kila mmoja huchanga kwa kadiri ya ukubwa wa meli zake na hatari zake. Hakuna wanahisa wa kugawana faida. Mwaka ukiwa na hasara nyingi, wanachama huitwa kuongeza mchango, kama tufanyavyo kwenye vyama vya kuzikana. Klabu ya kwanza ya aina hiyo ilianzishwa Uingereza mwaka 1855, kwani bima ya kawaida ililinda chombo na kumwachia mwenye meli madai mengi ya watu wengine. Leo klabu 12 zilizoungana zinakinga takriban asilimia 90 ya tani za meli za bahari kuu.

Kwa msingi, klabu humrudishia mwanachama alichokwisha kulipa. Akifilisika kabla ya kulipa, je? Ndiyo maana mikataba ya kimataifa, ukiwamo ule wa Nairobi wa 2007 kuhusu kuondoa mabaki ya meli, inamruhusu mdai kumfuata mwenye bima moja kwa moja. Kwa meli zinazosafirisha mafuta upo pia Mfuko wa 1992 wa fidia, na Tanzania ni mwanachama.

Lakini si kila meli imo: meli ya mizigo Wakashio haikuwa meli ya mafuta. Ilibeba mafuta ya injini zake tu ilipokwama Mauritius tarehe 25 Julai 2020, na takriban tani 1,000 zikamwagika hadi kwenye mikoko. Mfuko haukuhusika, mzigo ukabaki kwa mwenye meli na klabu yake ya Japani.

Sasa fikiria hayo kwetu. Delta ina mikoko ya hekta zipatazo 53,000, na humo ndimo kamba wadogo hukulia. Mchu, aina mojawapo ya mkoko, hupumua kwa vijiti vinavyochomoza kwenye tope; mafuta yakivifunika, mti hukosa hewa. Hakuna mashine ya kusugua msitu wa namna hiyo bila kuukanyaga na kuua zaidi.

Lakini anayelipa fidia huuliza kwanza: ulikuwa unavua kiasi gani? Hapo ndipo ninapowahofia watu wetu. Kamba hupimwa pwani, fedha hupokelewa mkononi, na mara nyingi hakibaki hata kipande cha karatasi. Vikundi vya usimamizi wa fukwe, BMU, vianze sasa kuandika tarehe, chombo, kilo na bei, na nakala ipelekwe halmashauri ya Kibiti. Ni kazi ya daftari na kalamu. Isisubiri harufu ya dizeli, maana chini ya sheria za fidia ya mafuta, dai lisilofikishwa mahakamani ndani ya miaka 3 tangu hasara itokee hupotea.