Ukiumia Mtumbwini, Anza na PF3

Ajali za majini zikitajwa nchini, wengi hukumbuka Ziwa Victoria: MV Bukoba, Mei 1996, au MV Nyerere, kivuko kilichopinduka karibu na Ukara Septemba 2018 kikiwa na watu zaidi ya mara mbili ya 101 walioruhusiwa. Mvuvi wa Ziwa Basotu, Hanang, au wa Ziwa Tlawi, Mbulu, anaweza kudhani sheria ni ya meli, na mtumbwi ni bahati ya mtu. Sivyo. Anayepakia watu kwa nauli, au kuwatuma ziwani kwa kazi yake, anawajibika kuchukua tahadhari ili wasidhurike, hata kama chombo hakina leseni. Kuwapakia kwenye mtumbwi unaovuja au uliojazwa kupita kiasi ni uzembe unaoweza kudaiwa fidia, na Kanuni ya Adhabu inaweza kumtia hatiani anayebeba abiria wa nauli hivyo.

Hata hivyo, haki hiyo haina nguvu bila ushahidi, na ushahidi hupotea haraka: mtumbwi huzibwa ufa, mashahidi hutawanyika. Kwa hiyo majeruhi aripoti polisi, apewe fomu ya PF3, na daktari aandike humo majeraha yake. Atunze risiti za dawa na nauli, aandike majina ya waliokuwemo, apige picha ya ubao uliooza kabla haujabadilishwa. Dai la uzembe lina ukomo wa miaka 3. Chombo kikiwa cha Serikali, notisi ya siku 90 hutangulia. Tena, asidhani kesi ya jinai itamaliza yote: mwenye chombo akifungwa, gharama za matibabu hazijalipwa kwa hilo.

Wapo watakaosema majirani hupatana, na kwamba mwenye mtumbwi naye ni maskini. Mapatano ni mema, lakini yaandikwe mbele ya mashahidi, baada ya daktari kueleza jeraha litaachaje. Aliyepokea pesa ya dawa mapema na kutia saini kuwa yamekwisha, atapata shida kudai mguu ukilemaa. Wengine watasema abiria aliona chombo kimejaa. Ndiyo, mahakama inaweza kumpunguzia fidia kwa sehemu ya kosa lake, lakini kosa la mwenye chombo halifutiki. Na kiboko akipindua mtumbwi bila uzembe wa mtu, hakuna wa kushtakiwa. Hapo njia ni kuripoti kwa ofisa wanyamapori wa wilaya na kuomba kifuta machozi, kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009.

Asiye na pesa ya wakili asikate tamaa: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaohudumia wasiojiweza bure. Watafute mapema, na usitie saini karatasi yoyote kabla hujaonana nao.