Kisukari cha ujauzito: Uji na chai ya sukari vyahitaji hesabu mpya

MAMA mja mzito asiyehisi maumivu yoyote huenda kliniki akiwa na mimba ya miezi sita, akaambiwa kuwa sukari katika damu yake imepanda. Wengi hudhani muuguzi amekosea, kwani hawajawahi kuugua kisukari, wala hawamjui yeyote katika jamaa zao aliyekuwa nacho.

Hata hivyo, maradhi haya yana chanzo chake. Kondo la nyuma, ambalo humlisha mtoto tumboni, hutoa homoni zinazopunguza nguvu za insulini ya mama. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi, na lisipomudu, sukari hulimbikizana katika damu.

Sukari hiyo humfikia mtoto, ilhali insulini ya mama haimfikii. Kongosho changa la mtoto huanza basi kutoa insulini yake lenyewe, naye akanenepa kupita kiasi. Mtoto wa zaidi ya kilo nne aweza kukwama mabega anapozaliwa. Na kitovu kinapokatwa, sukari yake huenda ikashuka ghafla kwa kuwa insulini ingali tele mwilini mwake.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2008, uliohusisha zaidi ya wanawake 23,000 katika mataifa tisa, ulibainisha kwamba hatari hizo huongezeka hatua kwa hatua kadiri sukari ya mama inavyopanda. Mnamo 2013, Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vipya. Mama hunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, aghalabu kati ya wiki ya 24 na ya 28. Huhesabiwa kuwa na kisukari cha ujauzito iwapo kipimo cha kabla ya kunywa kitafika milimoli 5.1 kwa lita, au 10.0 baada ya saa moja, au 8.5 baada ya saa mbili. Kimoja kati ya hivyo chatosha.

Matibabu huanzia jikoni, na hapo ndipo penye mgogoro. Mashangazi na mama wakwe humhimiza mja mzito ale chakula cha watu wawili, na humletea uji asubuhi na jioni. Uji wa wimbi una sifa nzuri, lakini unga uliosagwa laini na kupikwa ukawa majimaji humeng'enywa upesi, hata kabla ya kutiwa sukari. Kuubadilisha mahindi kwa wimbi pekee hakuondoi tatizo.

Kiamshakinywa ndicho kigumu zaidi. Homoni za asubuhi huifanya insulini kuwa dhaifu, hivyo chai ya sukari na mandazi mawili hupandisha kipimo kuliko chakula kama hicho kikiliwa mchana. Afadhali yai la kuchemsha, kipande kidogo cha nduma na chai isiyo na sukari. Tunda lingoje baadaye, na liliwe zima badala ya kukamuliwa, kwani gilasi moja ya sharubati hubeba sukari ya machungwa kadhaa.

Ugali haukatazwi. Kinachobadilika ni kipimo chake: robo ya sahani iwe ugali, wali au chapati, robo nyingine iwe maharagwe, ndengu, omena, samaki au nyama, na nusu nzima iwe sukuma wiki, mchicha, kunde au kabichi. Githeri yenye maharagwe mengi kuliko mahindi ni chaguo zuri, na gharama yake si kubwa. Kuacha wanga kabisa ni kosa, maana mama na mtoto wanauhitaji. Milo mitatu midogo pamoja na kumbwe mbili au tatu hufaa kuliko sahani mbili zilizojaa.

Kutembea kwa dakika 10 hadi 15 baada ya kula husaidia misuli kutumia sukari hiyo. Akina mama wengi hulengwa wawe na kiwango kisichofika milimoli 5.3 kabla ya kula, na kisichofika 7.8 saa moja baada ya mlo. Lakini vijiti vya kupimia si rahisi kwa kila mfuko. Asiyeweza kuvimudu na amweleze muuguzi mapema, ili apangiwe siku za kupimwa kliniki.

Ikiwa sukari haitashuka baada ya wiki moja au mbili, daktari huweza kuongeza dawa. Wapo wanaoogopa sindano ya insulini wakidhani itamdhuru mtoto, ilhali sukari iliyoachwa juu ndiyo imdhuruyo.

Kwa wengi, kipimo hurudi chini punde tu baada ya kujifungua, na hapo wakaisahau kliniki. Lakini uchambuzi wa tafiti uliotolewa mwaka wa 2020 ulionyesha kwamba wanawake hawa wana uwezekano wa takriban mara kumi zaidi wa kupata kisukari cha kudumu. Wanapaswa kupimwa tena kati ya wiki ya sita na ya 12. Mtoto hupelekwa kudungwa chanjo akiwa na wiki sita, kisha wiki kumi. Mama anaweza kuomba apimwe sukari siku hiyo hiyo.