Daktari, Msaidizi na Bingwa: Usajili wa Matabibu wa Wanyama na Haja ya Istilahi Bainifu

Mfugaji wa Kenya anapomwita "daktari" aje amtibu ng'ombe wake, aghalabu neno hilo huweza kumrejelea aliyehitimu shahada ya udaktari wa wanyama, mwenye stashahada au cheti, au hata muuzaji wa dawa aliyezoea kudunga sindano. Lugha ya kila siku huwatia wote katika kapu moja, ilhali sheria huwatenganisha. Makala haya yanabainisha mipaka hiyo na kuonyesha kwa nini istilahi zake zina uzito.

Nchini Kenya, usajili husimamiwa na Bodi ya Veterinari chini ya Sheria Nambari 29 ya mwaka wa 2011. Kundi la kwanza ni la madaktari, ambao sharti wawe na shahada ya udaktari wa wanyama inayotambuliwa na Bodi. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, masomo hayo huchukua miaka 5. Kundi la pili ni la wasaidizi, wakiwemo wenye stashahada au cheti cha afya ya wanyama. Isitoshe, jina kuingia katika rejista hakutoshi: anayehudumu hutakiwa kuhuisha kibali chake kila mwaka na kuendelea kujielimisha.

Juu ya daktari wa kawaida yupo aliyebobea katika uwanja mmoja, kama vile upasuaji au maradhi ya macho. Uingereza inatoa mfano ulio wazi. Huko, Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Wanyama, kilichoanzishwa mwaka wa 1844, huweka orodha ya mabingwa. Mwombaji sharti awe na sifa ya uzamili katika uwanja wake, awe angali anautumikia, na awe ameuchangia kwa maandishi na mafunzo. Hadhi hiyo hutolewa kwa muda usiozidi miaka 5, kisha huombwa upya. Daktari asiyekuwemo katika orodha hiyo hapaswi kujiita bingwa.

Je, Kiswahili kimwiteje mtu huyo? Neno "mtaalamu" halitoshelezi, kwani hutumiwa kwa kila mwenye ujuzi; nchini Tanzania hata wasaidizi huitwa "wataalamu wasaidizi". "Daktari bingwa", ambalo tayari limezoeleka katika tiba ya binadamu, linafaa zaidi. Hivyo basi tunapata ngazi tatu zisizogongana: msaidizi, daktari na daktari bingwa.

Suala hili si la wanaleksikografia pekee. Asiyefunzwa akimdunga ng'ombe kiuavijasumu bila kumweleza mfugaji siku za kusubiri kabla ya kuuza maziwa, masalia ya dawa humfikia mtoto kikombeni. Mfugaji hawezi kudai cheti cha mtu ambaye lugha yake haimpi jina la kumtofautisha na wengine. Hilo ni deni la wanaisimu kwa wafugaji.