Printa Nzima, Foleni Imekwama

Kwenye meza yangu ya ufundi hapa Ngarenaro, printa nyingi ninazoletewa ni nzima kabisa. Mwenye nayo ameshanunua katriji mpya, ameshabadilisha waya, na wakati mwingine ameshaanza kuulizia bei ya printa nyingine huko Barabara ya Sokoine. Inaniuma, kwa sababu hiyo ni hela ya ada au ya kodi ya fremu inayopotea bure. Kwa hiyo nianze na kipimo: chomoa waya wa USB, kisha toa ukurasa wa majaribio kwa kutumia vitufe vya printa yenyewe. Ukitoka safi, tatizo litafute kwenye komputa au kwenye waya.

Kazi unayoprinti haiendi moja kwa moja kwenye printa. Inapokelewa na programu iitwayo spula, ambayo huihifadhi kwenye diski na kuipanga foleni. Draiva ndiyo mkalimani: huigeuza kazi hiyo iwe lugha ambayo printa ya aina hiyo inaielewa. Umeme ukikatika katikati, faili la kwanza linaweza kuharibika, na yote yaliyo nyuma yake yanasubiri. Mtu naye anabonyeza tena, na tena. Foleni ikija kufunguka, zinamwagika nakala za kazi ileile mpaka karatasi zinaisha.

Dada mmoja wa ofisi ya utalii kule Sakina alinipigia jioni, wageni wake wakitakiwa kuondoka alfajiri kwenda lango la Momella kupanda Meru, na ratiba yao haitoki. Alikuwa amefuta kazi, lakini neno Deleting liliganda kwenye kioo. Nikamwambia, “Dada, usibonyeze tena kuprinti. Shika kitufe cha Windows pamoja na R, andika services.msc, bonyeza Enter. Teremka mpaka Print Spooler, bonyeza kulia, chagua Stop.” Kisha akafungua folda hii: C:\Windows\System32\spool\PRINTERS. Windows ikaomba ruhusa, akakubali. Humo akakuta mafaili ya namba, mengine yakiishia na SPL, ambayo ni kazi zenyewe, na mengine SHD, ambayo hubeba maelezo ya kazi: nani katuma na kwa printa ipi. Akafuta yaliyomo, folda akaiacha. Akarudi kwenye Print Spooler, akachagua Start. Ratiba ikatoka.

Angalizo: kama komputa hiyo ndiyo inayogawia ofisi nzima printa, umefuta kazi za wenzako pia. Waambie watume upya.

Ikikwama tena siku hiyohiyo, mimi huishuku draiva. Andika printui /s /t2 kwenye kisanduku kilekile cha Windows na R, uiondoe ya zamani kabisa, kisha upakue mpya kutoka tovuti ya mtengenezaji wa printa, kwa namba kamili ya modeli. Zile tovuti zinazojidai kuwa na draiva za printa zote ziepuke. Nyingi zinakubebesha programu usizoziomba.

Kwa ofisi zinazotumia printa moja kwa mtandao, kumbuka mwaka 2021. Julai ile spula ya Windows iligundulika kuwa na tundu la hatari, likapewa jina PrintNightmare, na Microsoft wakatoa kiraka cha dharura. Tangu Agosti, kuweka draiva kupitia mtandao kunahitaji ruhusa ya msimamizi wa komputa. Ukiombwa nywila, usihangaike kuikwepa, mwite anayeijua.

Nimalizie na HP LaserJet 1018 na 1020, ambazo bado zinapiga kazi kwenye steshenari nyingi. Hizi hazihifadhi programu yao ya ndani. Kila zikiwashwa hupelekewa upya na komputa. Umeme ukirudi na printa ikatangulia kuwaka, inaweza kukaa kimya kama mbovu. Subiri komputa iwake mpaka mwisho, ndipo uzime printa na kuiwasha tena.