Maghribi Katika Barabara ya Mohammed Ali

Ilikuwa Julai 2013, ndani ya mwezi mtukufu wa Ramadhani, nilipomfikisha mama yangu Mumbai. Moyo wake ulikuwa hauwezi tena kumpandisha hata kilima cha kisimani kwetu Kate. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili ilikuwa bado haijaanzishwa. Ilikuja miaka miwili baadaye. Siku zile wagonjwa wengi wa upasuaji wa moyo waliandikiwa kwenda India, na asiyekuwa na uwezo alizungushiwa daftari la michango. Letu lilizunguka msikitini, kisha sokoni. Huyu alitoa shilingi elfu mbili, yule debe la maharage, na jirani zetu Wakatoliki, ambao ndio wengi Ufipa, nao hawakubaki nyuma. Mimi nilikuwa kijana niliyetoka chuoni karibuni, nikapewa amana ya kushika fedha na kuandika kila senti.

Msomaji anayeijua Kate wakati wa kipupwe anajua jinsi kulivyo kimya. Mavuno yamekwisha, upepo unapita katika mabua makavu. Ukikaa barazani utasikia kengele ya misheni, adhana yetu, na pikipiki inayokuja kutoka mbali hata ukakisia ni ya nani. Kwa masikio hayo tuliingia katika jiji la watu zaidi ya milioni 12, ilhali mkoa wetu mzima wa Rukwa, kwa sensa ya 2012, ulikuwa na watu milioni 1 hivi.

Kilichotupokea kwanza ni harufu: moshi wa dizeli, samli inayochemka, maua ya asumini yaliyotungwa, mtaro uliofurika, na nguo mbichi zisizokauka. Pepo za kusi, zile zile zilizokuwa zikiyapeleka majahazi ya pwani yetu hadi bandari za huko, zilikuwa zimemwaga mvua usiku kucha. Kisha zikaja honi. Kwetu honi ni ya harusi au ya hatari. Kule malori yenyewe yameandikwa nyuma kumwomba anayefuata apige. Teksi nyeusi zenye paa la njano zilijipenyeza baina ya mikokoteni inayovutwa na watu, na treni zilipita milango wazi, vijana wakining'inia kama matunda mtini. Mama alijifunika masikio kwa ukingo wa mtandio.

"Mwanangu," akaniuliza, "hawa watu wanagombania nini?"

Jioni ya kuamkia siku ya upasuaji, daktari aliandika dawa ambayo duka la hospitali lilikuwa limeishiwa. Nilitakiwa kuileta usiku ule. Nilitoka na fedha za waumini nimezifunga kiunoni, nikapotea haraka kuliko nilivyodhani inawezekana. Nilijikuta katika Barabara ya Mohammed Ali, chini ya daraja refu la magari linalopita juu yake, mvua ikidondoka kingoni. Nyama ilikuwa ikichomwa pande zote, na maandazi mapana yakielea katika karai za mafuta. Nilikuwa nimefunga. Lakini kuliko njaa niliogopa bega la kila aliyenigusa, na mkono wangu haukutoka kiunoni.

Nilimwendea mzee mmoja aliyeuza tasbihi na manukato. Kiingereza changu hakikumfikia. Nilimwonyesha karatasi, nikasema kwa kukata tamaa, kwa Kiswahili tu: "Dawa."

Akainua uso. "Dawa? Dawa ki dukan?"

Nusura nilie. Chuoni tulisoma nahau ya Kiarabu miaka mingi, wala sikumbuki mwalimu aliyetwambia kwamba duka letu, dawa yetu, safari, dunia, chai na hata gari vinaeleweka katika vichochoro vya Mumbai. Mzee akamwita mjukuu wake anifuatane.

Hatukufika mbali. Adhana ilitoka Minara Masjid, ikadakwa na msikiti mwingine, na mwingine. Sijui kama honi zilinyamaza kweli au ni mimi niliyeacha kuzisikia. Watu walikuwa wamekwisha kutandika nguo kando ya barabara. Mkono wa mtu nisiyemjua ukanivuta, nikaketi, nikapewa tende, kipande cha tikitimaji na bilauri ya maziwa ya rangi ya waridi. Hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Tukaswali, tukanunua dawa. Katika daftari niliandika bei ya dawa na nauli ya teksi ya kurudia. Futari sikujua niiandike safu gani.

Nilimkuta mama ameketi kitandani, uso ameuelekeza dirishani. Nilidhani hofu ya kesho imemnyima usingizi.

"Nimehesabu adhana saba," akasema. "Hawakuanza pamoja. Huyu wa mwisho, upande ule, ana kikohozi. Ameanza kukohoa tangu juzi."

Asubuhi walimchukua kabla jua halijapanda. Nilikaa ukumbini saa nyingi nikisoma Yasin, honi zikiendelea nje. Alhamdulillah, alifumbua macho jioni, na baada ya Idi tulirudi. Ijumaa ya kwanza nilisoma hesabu mbele ya waumini, nao wakaipokea.

Mama yupo, na kisimani anakwenda mwenyewe, ingawa polepole. Kila kipupwe kikiingia, mtu akikohoa upande wa wanaume, huniuliza nikirudi nyumbani kama yule mwadhini wa Mumbai alipona.