Nepi za kushona nyumbani

Mwezi uliopita mama mmoja alifika ofisini kwetu na mtoto wa miezi mitano aliyechubuka mapajani. Si kwamba mama huyo ni mzembe. Pampasi zilikuwa zinaelekea kuisha na fedha za mwezi hazijaingia, basi akawa anamwacha mtoto na moja kutwa nzima ili zimfikishe. Nimeliona jambo hili katika nyumba nyingi kuliko zinazolisema, na ndiyo maana safari hii tunazungumzia nepi.

Kwanza hesabu. Mtoto anayebadilishwa mara 6 kwa siku hutumia nepi 180 kwa mwezi. Tuseme kila moja inakugharimu baisa 60: hiyo ni riali 10 na baisa 800 kila mwezi. Weka bei ya duka lako uone. Nepi za kitambaa nazo zina gharama ya maji, sabuni, umeme na mikono yako, lakini zikishashonwa zitamfaa hata mdogo wake.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Wadogo zangu walikulia kambini Nyarugusu na vipande vya kitenge kilichochakaa. Hapa Ghala, bibi mmoja jirani aliyezaliwa Unguja alinicheka nilipomwambia nataka kuandika makala ya kufundisha watu winda. Kwake hilo ni sawa na kufundisha watu kupika chai.

Kitambaa ndicho chenye siri. Kinachonyonya ni pamba: flaneli, taulo kuukuu, fulana za pamba, kanga iliyolainika. Dishidasha nyingi zina polista ndani yake na maji huteleza tu juu. Kama huna hakika, dondoshea tone la maji. Likikaa juu kama shanga, kitambaa hicho hakifai. Maduka ya vitambaa ya Ruwi na soko la Matrah yana flaneli, na ukiuliza vipande vilivyobaki utapata kwa bei nafuu. Kabla ya kukata, fua kitambaa mara mbili au tatu kwa maji ya moto. Pamba hunywea, na ikiwa mpya hainyonyi vizuri.

Nepi rahisi kuliko zote ni mraba wa flaneli wa sentimita 70 kwa 70, uliopindwa kingo. Hata bila cherehani, sindano na uzi vinatosha. Unaukunja pembetatu, katikati unaweka kipande cha taulo kilichokunjwa, kiasi cha sentimita 12 kwa 35, kisha unafunga. Usikishonee kipande hicho kwenye nepi, maana kikiwa peke yake hukauka haraka zaidi. Tumia pini zenye kifuniko, na unapofunga weka vidole vyako kati ya pini na tumbo la mtoto. Heri ikuchome wewe.

Juu yake huja kifuniko cha kuzuia maji yasifike kwenye godoro. Chukua pampasi moja ya dukani, ifungue, ilaze juu ya gazeti na uchore mzunguko wake, kisha ongeza sentimita 2 kila upande, maana nepi ya kitambaa ni nene. Blanketi jepesi la polista lenye manyoya laini linafaa: halinyonyi, na bado linapitisha hewa. Mfuko wa plastiki usitumie hata kidogo, hasa kwa joto la hapa, kwani ngozi itaiva. Mapajani shona lastiki ukiivuta kiasi, na kiunoni weka velkro. Ukimvalisha, kidole chako kipite mguuni bila shida. Ukiona alama nyekundu za lastiki zinazokaa, legeza.

Nepi 20 na vifuniko 4 au 5 zinatosha ukifua kila siku. Msizirundike siku tatu, kwa joto hili zitanuka na harufu ya mkojo haitoki kirahisi. Kinyesi kimwage chooni, uoshe kwa ule mpira wa maji ulio pembeni ya choo. Wengi mnaniuliza kuhusu najisi: ondoeni kwanza uchafu wenyewe kwa maji yanayotiririka, kisha fueni nepi peke yake, mbali na nguo za kusalia. Maji yawe moto, nyuzi 60 kama mashine inafika, na sabuni isuuzwe yote. Msitie ile dawa ya kulainisha nguo, hufanya pamba ikatae kunyonya.

Sasa kuanika. Jua la Muscat hukausha na kung'arisha bure, lakini Manispaa inakataza kuanika nguo kwenye roshani inayoonekana kutoka nje, na kuna faini. Muulizeni mwenye nyumba kama mnaruhusiwa kutumia paa. La sivyo, wekeni kianikio cha kukunja ndani, karibu na dirisha.

Mimi binafsi sioni haja ya kuacha pampasi kabisa. Wiki za kwanza baada ya kujifungua, safarini, au usiku mtoto anapoharisha, tumieni za dukani bila kujilaumu. Hata nusu kwa nusu inapunguza matumizi.

Upele ukizidi siku tatu, au ukitoa maji au usaha, au mtoto akipata homa, nendeni kituo cha afya. Kitambaa hakitibu.

Dada wawili wameshaniuliza kama wanaweza kuwashonea wengine kwa malipo. Kabla ya kuuza chochote njooni tuongee, kwani biashara hapa inahitaji leseni. Na asiye na cherehani aje kwa mhudumu wake wa ofisini, tutafute pa kuazima.